Shajara ya mradi: viza ya ustaafu kwa pensheni ndogo

Januari 2025

Swali la mradi ni hili: nchi gani itampa mstaafu wa kipato kidogo kibali cha kuishi, halafu imwache akae bila kumtoa jasho kila anapokihuisha? Nusu ya pili ya swali ndiyo iliyonifanya nianze kuandika. Habari za viza za wastaafu zimejaa tele, ila nyingi zinaishia mlangoni: onyesha dola kadhaa, peleka vyeti kadhaa, karibu. Anayestaafu na miaka 62 anaweza kuishi huko miaka ishirini na zaidi. Mlango ataupita mara moja tu.

Ninapimia watu watatu, wote wamepita miaka 60.

Mwalimu alifundisha Uingereza muda mrefu. Ana pauni 900 kwa mwezi: 600 ni pensheni ya serikali, 300 ni ya kazini. Zote ni za maisha.

Shangazi alilipwa mafao yake yote kwa mkupuo. Ana akiba ya dola 60,000 na kodi kidogo ya nyumba aliyopangisha. Pensheni ya kila mwezi hana.

Wa tatu ni mimi na mke wangu, tunaoishi kwa pensheni moja ya dola 1,300. Pensheni ni yangu. Nikifa, mke atabaki na nusu. Naliandika mapema kwa sababu litakuja kuamua mengi.

Nchi ikimkataa mmoja wetu haifutwi. Inaandikwa kwenye jedwali langu imemkataa nani, na kwa kigezo gani.

Chujio la kwanza lilikuwa jepesi. Hispania inataka asilimia 400 ya IPREM, kipimo cha serikali ambacho tangu 2023 kiko euro 600 kwa mwezi. Hiyo ni euro 2,400 kwa mtu mmoja, na 600 zaidi kwa mwenzi. Italia, kwa viza yake ya ukaazi wa hiari, inataka kama euro 31,000 kwa mwaka. Afrika Kusini inataka randi 37,000 kwa mwezi. Vietnam haina viza ya ustaafu kabisa, na sina nia ya kumshauri mtu mzima wa miaka 65 aishi kwa viza za utalii, akivuka mpaka na kurudi kila zinapoisha. Zote hizo zimewekwa kando.

Malaysia nayo imewekwa kando, ila historia yake naihifadhi kwenye jalada. Mpango wao wa makazi ya muda mrefu kwa wageni, MM2H, ulikuwa ukitaka kipato cha ringgit 10,000 kwa mwezi. Mwaka 2021 wakakipandisha hadi 40,000, pamoja na amana ya ringgit milioni moja. Waliokuwa tayari ndani walilalamika sana, na mwishowe wakaachiwa masharti yao ya zamani ya fedha. Mwaka 2024 mpango ukapangwa upya kwa madaraja, na la chini kati ya yale makuu matatu linataka amana ya dola 150,000 na kununua nyumba juu yake. Mtu aliyekuwa akijiandaa taratibu tangu 2019, akisubiri atimize umri wa kustaafu, alifika akakuta mlango umehamishwa.

Februari

Jedwali lina safu mpya, na nadhani ndiyo moyo wa mradi mzima: *kizingiti kimesimama au kinatembea?*

Kuna nchi zilizotaja kiasi ndani ya sheria zikakiacha hapo. Panama inataka pensheni ya maisha ya dola 1,000 kwa mwezi, na 250 kwa kila mtegemezi. Costa Rica inataka dola 1,000, na kiasi hicho kinabeba hata mwenzi. Sheria yao nambari 8764, iliyoanza kutumika mwaka 2010, ndiyo iliyokitoa kwenye 600 na kukifikisha hapo. Thailand inataka baht 800,000 benki au kipato cha baht 65,000 kwa mwezi, na takwimu hizo hazijaguswa kwa miaka mingi.

Kuna nchi nyingine zilizofunga kizingiti kwenye kima cha chini cha mshahara. Hapo kila mwaka mpya unakuja na kiasi kipya. Nimekaa na historia ya mishahara hiyo, na mwendo wake unatofautiana mno.

Mexico ndiyo inayokimbia kuliko zote. Kanuni ya ukaazi wa muda ni kipato cha mwezi kinacholingana na kima cha chini cha mshahara wa siku mara 300. Mwaka 2018 kima hicho kilikuwa peso 88.36, yaani kizingiti cha peso 26,508. Mwaka huu ni peso 278.80, yaani 83,640. Zaidi ya mara tatu ndani ya miaka saba. Kwa wafanyakazi wa Mexico ni habari njema na sina neno juu yake. Kwa mstaafu mgeni ni zaidi ya dola 4,000 kwa mwezi, na baadhi ya balozi ndogo tu ndizo zinazotumia kipimo kingine kilicho chini, UMA. Sisi watatu tumeshindwa wote.

Colombia inataka mishahara mitatu ya kima cha chini. Kima kilikuwa peso 644,350 mwaka 2015. Sasa ni 1,423,500, kwa hiyo kizingiti ni peso 4,270,500. Kwa bei ya leo hiyo ni kidogo tu juu ya dola 1,000, na ndiyo sababu Colombia huonekana rahisi kwenye orodha nyingi. Ni rahisi mwaka huu.

Ecuador pia ni mishahara mitatu, nao hutumia dola ya Marekani tangu 2000. Zamani walitaka dola 800 tu. Sasa kima chao ni dola 470, kizingiti 1,410, na 250 kwa mtegemezi. Mwendo wake ni wa taratibu, kwa kuwa mwaka 2020 kima kilikuwa 400. Lakini Mwalimu na mimi tayari tuko chini yake.

Ureno, kwa viza ya D7, inataka kipato kisicho cha ajira kinachofikia mshahara mmoja wa kima cha chini, nusu yake kwa mwenzi na asilimia 30 kwa kila mtoto. Mwaka 2015 ilikuwa euro 505, mwaka huu 870. Na uzuri wa Ureno ni kwamba serikali, waajiri na wafanyakazi wameshakubaliana njia ya mbele: 920 mwaka 2026, 970 mwaka 2027, 1,020 mwaka 2028. Angalau unajua utakutana na nini.

Machi

Mke wangu alipitia jedwali akauliza swali ambalo limeongeza safu nyingine. “Kizingiti kikitembea lakini wewe uko ndani tayari, kinakuhusu nini?”

Jibu ni kwamba inategemea unaulizwa mara ngapi.

Panama, ukishapewa ukaazi wa mstaafu, ni wa kudumu. Hakuna haja ya kurudi kila mwaka kuthibitisha dola zako 1,000. Ecuador inatoa miaka miwili, na baada ya miezi 21 unaweza kuomba ukaazi wa kudumu. Mexico, pamoja na mbio zake zote, kwa kawaida haikuulizi tena kipato unapohuisha kibali ndani ya nchi, na baada ya miaka minne unaingia kwenye ukaazi wa kudumu. Kwa hiyo kizingiti chake kikubwa ni cha siku moja tu. Mtu aliyeingia mwaka 2018 na pensheni ya kawaida anaishi huko leo kwa amani, wakati jirani yake mwenye pensheni ileile hawezi hata kuwasilisha ombi.

Costa Rica inatoa miaka miwili miwili, na baada ya mitatu unaruhusiwa kuomba ukaazi wa kudumu. Colombia hutoa hadi miaka mitatu, na viza ya mkaazi huja baada ya mitano, kwa hiyo utakutana na kizingiti kipya walau mara moja njiani. Ureno ni miwili, kisha mitatu, na fedha zinatazamwa tena. Hispania, ambayo imeshatoka kwenye orodha, ni mfano wa ukali: mwaka mmoja, kisha kibali cha miaka miwili ambacho lazima uonyeshe fedha za miaka yote miwili.

Thailand inakuuliza kila mwaka. Daima. Unaweza kuishi huko miaka 25 na bado wewe ni mtu wa kibali cha mwaka mmoja, unayeripoti uhamiaji kila siku 90, na unayehitaji ruhusa ya kuingia tena kabla ya kusafiri, la sivyo kibali kinakufa ukishavuka mpaka.

Kuanzia sasa nazisoma safu hizi mbili pamoja. Kizingiti kinachokimbia na kinachoulizwa mara moja hakinitishi kama kinachotembea polepole huku kikikufuata nyumbani.

Aprili

Mwezi huu ni wa Shangazi, na umekuwa mrefu.

Viza nyingi zenye jina la pensheni zinataka pensheni kweli: fedha zinazoingia kila mwezi mpaka mwisho wa maisha, zikithibitishwa na barua ya anayelipa. Shangazi ana dola 60,000, ambazo kwa hesabu ya kawaida zingemlipa dola 1,000 kila mwezi kwa miaka mitano. Panama hiyo haiiti pensheni. Akiba unayoichota mwenyewe ni akiba tu. Watu wengi waliolipwa mafao kwa mkupuo wanagundua hili wakiwa wameshauza vitu vya ndani.

Njia ya kwanza ni kununua pensheni: unaipa kampuni ya bima mtaji, nayo inakulipa kila mwezi maisha yako yote. Kwa dola 60,000 hakuna kampuni itakayomlipa mtu wa umri wake dola 1,000 kwa mwezi. Nimeifuta.

Njia ya pili ni viza ya mwenye kipato cha kudumu kisicho pensheni. Costa Rica wanayo, inaitwa rentista. Unathibitisha dola 2,500 kwa mwezi kwa miaka miwili, au unaweka benki dola 60,000 zinazokurudia 2,500 kila mwezi. Shangazi alipoona kiasi hicho alicheka kwa furaha, kana kwamba kimepimwa kwa ajili yake. Mimi sikucheka. Mwisho wa miezi 24 fedha zimerudi kwake, ndiyo, lakini ametumia sehemu kuishi, na ukaazi wa kudumu unaombwa baada ya miaka mitatu. Katikati kuna kuhuisha kibali, na ili kukihuisha anahitaji tena dola 60,000 kamili. Viza hii ni ya mtu ambaye 60,000 si akiba yake yote. Nimempigia simu tukazungumza, akakubali kwa shingo upande.

Njia ya tatu ni amana. Hapa Asia inawatendea haki watu wa mkupuo kuliko Amerika ya Kusini. Ufilipino, kwa viza yao ya wastaafu, SRRV, wanapokea amana ya dola katika benki iliyoidhinishwa; kima kinategemea umri wako na kama una pensheni. Mwenye pensheni ya dola 800 kwa mwezi, au 1,000 kwa wanandoa, anaweka amana ndogo; asiye nayo anaweka kubwa zaidi. Fedha zinabaki zako, na ukijitoa kwenye mpango unarudishiwa. Masharti ya umri na viwango yamebadilishwa zaidi ya mara moja miaka ya karibuni, kwa hiyo safu hii naijaza kwa penseli.

Thailand, kwa mtu wa miaka 50 na kuendelea, ni baht 800,000 benki, karibu dola 24,000. Ziwe zimekaa miezi miwili kabla ya ombi na mitatu baada yake, na kwa mwaka uliobaki zisishuke chini ya 400,000. Ukifuata mzunguko huo, nusu ya amana haiguswi kamwe, na nusu ya pili inapatikana miezi saba tu kwa mwaka, kisha uirudishe. Kwa Shangazi ina maana akiba yake inayotumika kweli ni kama dola 36,000, si 60,000. Wapo mawakala wanaojitolea “kukopesha” fedha za kuonyesha benki kwa ada. Shangazi aliniletea tangazo la namna hiyo kwa nia njema. Nimemwomba alifute kwenye simu yake. Kibali kilichojengwa juu ya fedha za kuazima kinaweza kufutwa wakati wowote, naye ndiye atakayefukuzwa, si wakala.

Akiba iliyofungwa sasa ina safu yake. Mwenye fedha kidogo anaumia zaidi kwa kile asichoweza kukigusa kuliko kwa ada ya ombi.

Juni

Mwalimu anapokea pauni, na hilo limegeuka kuwa somo zima.

Panama na Costa Rica wanahesabu dola. Pauni 900 leo ni zaidi ya dola 1,150, anapita. Katikati ya 2014 pauni moja ilikuwa karibu dola 1.70, angepita kwa mbali sana. Mwishoni mwa Septemba 2022 ilishuka chini ya 1.10: pauni zilezile 900 zisingefika dola 1,000. Mtu yuleyule, barua ileile, wiki tofauti, jibu tofauti. Hivyo Mwalimu ameshauriwa asingoje. Panama ni nchi ya kuingia bei ya pauni ikiwa nzuri, maana haikuulizi tena.

Kuna jambo la pili ambalo Waingereza wengi wanaohama hawalijui mpaka wameshahama. Pensheni ya serikali ya Uingereza huongezwa kila mwaka kama unaishi Ulaya, Marekani, Ufilipino, Jamaica, Mauritius na nchi nyingine chache zenye makubaliano. Kwingineko inagandishwa: kiasi ulichoondoka nacho ndicho utakachokufa nacho. Thailand imo kwenye waliogandishwa, pamoja na Panama, Costa Rica, Ecuador na Colombia, na hata Kanada na Australia.

Nimeweka mgando huo karibu na safu ya kizingiti. Colombia imetoka vibaya kabisa: pensheni iliyogandishwa mbele ya kizingiti ambacho kimezidi mara mbili ndani ya miaka kumi, na anaulizwa tena kabla ya kuupata ukaazi. Nimeifuta kwa Mwalimu, ingawa mwaka huu anapita. Panama, pensheni imeganda lakini kizingiti nacho kimeganda, na swali huulizwa mara moja. Atakuwa maskini zaidi kadiri bei za vitu zinavyopanda, lakini hatafukuzwa.

Ureno ni hesabu ya kuvutia zaidi. Huko pensheni yake ya serikali inaongezwa. Pauni 900 ni takribani euro 1,050, juu ya 870 za sasa. Akiingia 2026, kibali cha kwanza kinaisha 2028, wakati kizingiti kimefika 1,020. Pensheni mpya ya serikali ya Uingereza ilianza mwaka 2016 kwa pauni 155.65 kwa wiki, na sasa ni 230.25: nyongeza ya kama asilimia 48. Kima cha Ureno ndani ya miaka kumi kimeongezeka asilimia 72. Zote mbili zinapanda, moja inapanda haraka. Mwaka 2028 atapita kwa chembe. Kibali cha pili kitaisha 2031, na huko ndiko ninakoona kiza.

Amejibu kwamba akiba yake ndogo itaziba pengo, na Ureno kwa kweli hupenda kuona fedha za mwaka mzima kwenye akaunti ya benki ya huko. Sijashawishika, lakini uamuzi ni wake.

Kodi nitaigusa kwa haraka. Panama na Costa Rica hawatozi pensheni inayotoka nje. Ufilipino humtoza mkaazi mgeni kwa kipato cha ndani ya nchi tu. Thailand tangu Januari 2024 inatazama fedha za nje zinazoletwa na anayekaa siku 180 au zaidi kwa mwaka. Ureno ilikuwa na mpango maarufu wa nafuu kwa wageni, NHR, ambao ulifungwa kwa waombaji wapya mwaka 2024. Anayekuuzia Ureno bila kodi leo anakuuzia gazeti la zamani.

Julai

Bima ya afya. Safu hii inaweza kuizidi nguvu safu nyingine yoyote, na hakuna apendaye kuijaza.

Thailand ina aina mbili za viza kwa wastaafu, O-A na O. Ya O-A inataka bima ya walau dola 100,000. Ile ya kawaida ya O haitaki, na ndiyo maana wengi huchagua hiyo kisha wanaishi bila bima. Panama haikulazimishi bima. Inakupa punguzo la kisheria kwenye dawa, tiketi za ndege, migahawa na mengine kwa sheria ya mwaka 1987. Punguzo la dawa ni jambo jema, lakini halilipii upasuaji wa moyo. Costa Rica inakulazimisha ujiunge na mfuko wa umma, Caja, na kuchangia kwa kadiri ya kipato chako. Wengi wanalalamikia makato hayo. Mimi nayaona ndiyo sababu kubwa ya kuichagua: mfuko wa umma hauniulizi nina ugonjwa gani, wakati bima binafsi kwa mtu aliyepita miaka 65 mwenye shinikizo la damu hupanda bei kila mwaka na kuondoa kwenye mkataba hasa kile anachougua.

Mwalimu ana karata ambayo sisi hatuna. Mstaafu wa serikali ya Uingereza anayehamia Ureno anaweza kupewa fomu ya S1, na matibabu yake kwenye mfumo wa umma wa Ureno yakalipiwa na Uingereza. Panama hakuna kitu kama hicho. Baada ya kuliona hili, hoja yangu juu ya mwaka 2031 imepungua uzito, na nimemwambia hivyo.

Kwa wenye pensheni ya Marekani ninaowajua: Social Security, yaani pensheni yao ya serikali, hulipwa karibu kila mahali, lakini Medicare, bima yao ya afya ya wazee, haivuki mpaka, isipokuwa kwa hali chache mno. Hesabu ya afya ianzie sifuri.

Agosti

Zamu ya mimi na mke wangu. Dola 1,300.

Panama inatutaka 1,250. Tunapita kwa dola 50. Costa Rica 1,000, tunapita kwa nafasi. Ufilipino 1,000 kwa wanandoa, tunapita. Ecuador 1,660, hapana. Ureno euro 1,305, hapana.

Kisha nikaweka safu niliyokuwa naikwepa: *mwenye pensheni akifa.* Mke wangu ataingia kila mahali kama mtegemezi. Nikitangulia, atabaki na dola 650 na kibali kilichotundikwa juu ya jina la marehemu. Dola 650 hazifikii kizingiti chochote kwenye jedwali. Mjane akiwa kwenye msiba asianze kutafuta wakili wa uhamiaji.

Tuliliongea kwa utulivu, mezani, kama watu wanaopanga safari. Yeye ndiye aliyesema Costa Rica. Baada ya miaka mitatu kila mmoja wetu anaweza kuomba ukaazi wa kudumu, na kuanzia hapo haki yake ya kuishi haiulizi tena habari za pensheni yangu. Panama ni rahisi zaidi kuingia na ina dola ya Marekani mfukoni, lakini kwa ndoa yenye pensheni moja swali langu la kwanza sasa ni hili: mtegemezi anaacha lini kuwa mtegemezi?

Septemba

Karatasi. Ugumu wake uko kwenye mpangilio zaidi kuliko wingi.

Kila cheti kina uhai wake. Cheti cha ndoa kinatakiwa nakala mpya. Cheti cha tabia njema hudumu miezi michache tu machoni mwa ofisi nyingi. Barua ya pensheni iwe ya karibuni. Vyote vipitie uthibitisho: kama nchi iliyotoa cheti na inayokipokea zote ziko kwenye Mkataba wa Hague wa 1961, unapata apostili moja basi, yaani muhuri mmoja unaotambuliwa na nchi za mkataba huo; Ufilipino iliingia 2019, Kanada 2024. Kama moja haimo, kuna mlolongo wa mihuri: wizara ya mambo ya nje, kisha ubalozi. Baada ya hapo mfasiri aliyeapishwa. Ukianza na cheti cha tabia njema, kitakuwa kimeshakufa wakati cha ndoa kinatoka kwenye tafsiri.

Kwa hiyo ratiba imepangwa kinyumenyume: nimeanza na tarehe ya kuwasilisha, nikarudi nyuma. Cha ndoa na cha kuzaliwa kwanza, barua ya pensheni baadaye, tabia njema mwisho.

Barua ya pensheni ya Mwalimu, ile ya kazini, imerudishwa. Ilitaja kiasi, ikataja tarehe ya kuanza, haikusema popote kwamba ni ya maisha. Ofisi inayomlipa inatumia barua moja kwa kila mtu, na karani aliona ajabu kuombwa aongeze sentensi moja. Ameandikiwa upya kwa maneno kamili tunayoyataka: jina kama lilivyo kwenye pasipoti, kiasi cha kila mwezi, kwamba italipwa hadi kifo. Wengine wenye mfuko wa pensheni wa zamani waombe hivyo tangu mwanzo.

Oktoba

Hali ilivyo. Mwalimu amechagua Ureno, Panama ikiwa chaguo lake la pili endapo bei ya pauni itabaki ilipo. Maombi ya S1 yameanza. Shangazi yuko kati ya Ufilipino na Thailand. Anaegemea Ufilipino kwa kuwa amana inakaa mahali pamoja na haimlazimishi kuihesabu kila mwezi. Nimemwomba asihamishe hata senti mpaka apate kwa maandishi, kutoka mamlaka yenyewe ya huko na si kwa wakala, kima cha amana kwa umri wake bila pensheni.

Sisi tunasubiri apostili ya cheti cha ndoa. Ikitoka, barua ya pensheni inaombwa wiki hiyohiyo. Cheti cha tabia njema bado hatujakigusa.